Insha Mbili Zilizofanana

Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Wekesa kwao, upande wa Bungoma. Nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba marehemu alipofuka jicho la kushoto kwa sababu ya kisukari. Mwenzake akaitikia, akasema kisukari kimewamaliza walimu. Niligeuka nusu nikitaka kusema kitu, kisha nikaacha. Mwalimu Wekesa hakuwahi kuugua kisukari. Jicho lile lilipasuliwa mbele ya macho yangu, mchana kweupe, katika chumba cha walimu cha shule moja ya sekondari ya kutwa karibu na mtaa wa Ziwani, na damu yake iliingia kwenye sketi yangu ya kijivu ambayo sikuivaa tena. Katika hotuba zote za siku ile hakuna aliyekitaja kisa hicho. Mkewe alinishika mkono kando ya kaburi, akaniambia polepole, "Mwende, wewe unajua." Najua, na ndiyo maana naandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule akiwa na alama nzuri za Kiswahili na bila nafasi ya chuo, nikaajiriwa kufundisha bila kusomea ualimu, kama wengi walivyoajiriwa wakati ule kujaza mapengo. Niliishi mtaa wa Huruma, katika chumba kimoja cha ghorofani na Jacinta, rafiki yangu aliyeshona mashati katika kiwanda fulani kule Baba Dogo. Pazia la maua lilitenganisha kitanda chetu na stovu ya mafuta ya taa. Sufuria tulizitundika kwenye misumari ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo aliishi dereva mmoja wa lori aliyekuwa na desturi ya kumpiga mkewe. Alipoanza, sufuria zetu ziligongana. Tulikuwa tukila sukuma na matumbo, Jacinta akinyoosha mkono kuongeza sauti ya redio, na katikati ya nyimbo tungemsikia yule mama akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbusha jambo la nyumbani, "Baba Njeri, watoto wanaona." Asubuhi tulikutana naye kwenye mfereji, tukasalimiana, tukazungumza habari za maji. Mtaa ule ulikuwa na namna yake ya kusikia na ya kujifanya haukusikia, nami nilijifunza upesi, kama nilivyojifunza kuruka maji machafu vichochoroni bila kuangalia chini.

Shuleni, mwaka uliotangulia, matokeo ya Kiswahili ya watahiniwa wengi yalikuwa yamefutwa kwa sababu waliandika insha moja ile ile, neno kwa neno. Mwalimu mkuu alisema hataiona tena aibu ya namna ile, akamwagiza Mwalimu Wekesa, mkuu wa idara yetu, atafute dawa. Wekesa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka hadi mabega yakatikisika. Aliniita kwenye meza yake iliyokuwa pembeni, chini ya ramani ya Afrika iliyochanika Sahara yote.

"Mwalimu Mwende, wewe husahau maneno?"

"Huwa sisahau, Mwalimu."

"Basi vuta kiti."

Tangu siku hiyo, insha za shule nzima zilipitia mikononi mwangu kabla hazijapewa alama. Nilizitandaza mezani, nikazisoma moja baada ya nyingine huku birika la chai likipoa. Katika insha zile jua lilichomoza kutoka matlai kila siku, ndege walighani nyimbo tamu hata katika kisa cha ajali, na kila mtu aliyeogopa alitokwa na kijasho chembamba. Lakini kando ya barabara karibu na Gikomba kulikuwa kukiuzwa kijitabu cha insha za mfano kilichopigwa chapa vibaya, na humo kijasho kilikuwa kimeandikwa "kijisho." Muhula huo nusu ya Kidato cha Tatu walitokwa na kijisho chembamba. Nilipomwonyesha Mwalimu Wekesa, alicheka mpaka chai ikampalia. Alipotulia akanifundisha kitu ambacho nimekitumia maisha yangu yote. "Fuata makosa," alisema. "Watu wawili wanaweza kupatia jambo moja, kila mmoja kivyake. Wakikosea mahali pamoja, kwa namna moja, hapo uliza." Mpwa wangu, ambaye sasa ni mwalimu, huingiza kazi ya mwanafunzi katika kompyuta, na kompyuta inampaka rangi sentensi zilizoibwa. Hunicheka nikimwambia kwamba sisi tulitumia macho na chai. Lakini kompyuta yake, kama meza yetu, inakoma kwenye kusema kwamba maneno haya yanafanana na yale. Inayofuata baada ya hapo ni kazi ya watu, na watu ndio walioharibu mambo mwaka ule.

Mwalimu Wekesa alitaka wanaonakili wakalishwe mbele yake waandike upya, kwa maneno yao. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kilonzo, alitaka vingine. Alifundisha hesabu, na alifundisha vizuri. Aliishi Lucky Summer, na alitoka huko alfajiri ili awe wa kwanza kufungua lango. Kabatini mwake alikuwa na kipande cha mpira wa maji chenye pete ya shaba kwenye ncha moja, na wanafunzi walimwita Transfoma kwa sababu ukiguswa naye unaruka. Alikuja kwenye meza yetu, akachukua majina, na Jumatatu kwenye gwaride waliotajwa walilala juu ya benchi mbele ya wenzao. Nimesikia mlio wa mpira ule mara nyingi mno. Kwanza hewa inapigwa, halafu nguo, halafu mtoto. Msichana mmoja alijikojolea, na shule nzima ikaona, na akatoka shule asirudi. Mwalimu Wekesa aliteta na Bwana Kilonzo katika mikutano, nami nikaacha kuandika majina, nikawa nampa Wekesa peke yake kwa mdomo. Bwana Kilonzo aligundua. Siku moja alinikuta nikinywa chai peke yangu, akaketi, akanimegea nusu ya mandazi yake.

"Dada, unadhani nafurahia?"

"Sijui, Bwana Naibu."

"Huko nje wanachomwa kwa matairi. Umeishi Huruma, umeona. Mimi nawachapa ili wasifike huko." Alisema hivyo kwa macho yaliyokaribia kulowa. Aliamini kila neno. Nikala ile nusu kwa sababu sikujua nifanye nini nayo.

Katika muhula wa pili niliwapa Kidato cha Tatu insha yenye kichwa "Siku Ambayo Sitaisahau." Nilipoanza kuzisoma, za kwanza zilikuwa harusi na ajali za kawaida. Kisha nikafika kwenye moja ambayo haikuwa na ndege wala matlai. Ilisimulia jioni moja mtaani, kijana fulani akikimbia na watu wakimfukuza. Mama mmoja aliyesimama juu ya ngazi akapiga ukelele, "Mwizi! Mwizi!" na watu wote wakageuka upande ule, wakamwona, wakamwangusha. Iliandikwa hivi: "Walimvua kiatu kimoja, kingine kikabaki. Sijui kwa nini walichagua kile. Mtu mmoja alikuwa anakula mahindi ya kuchoma, na alipotaka kuokota jiwe aliweka hindi mfukoni kwanza." Niliiweka chini. Nje watoto walikuwa wakicheza. Nilikuwa nimeyaona mambo hayo Huruma, lakini sikuwahi kukutana na mtu aliyeyaandika. Ilikuwa insha ya Nafula, msichana mrefu mkimya wa dawati la nyuma, ambaye hadi siku hiyo nilimjua kwa alama za chini tu. Kabla sijamaliza rundo, nikakutana na insha ile ile tena, kiatu kile kile, hindi lile lile, kwa mwandiko mzuri wa Kevin, kiranja wa darasa, ambaye wenzake walimwita Kevo. Zilifanana hadi kwenye makosa. Kanuni ya Mwalimu Wekesa ilinihakikishia kwamba moja imetoka kwa nyingine. Haikuniambia ni ipi iliyotangulia.

Niliziacha zote mbili juu ya meza nikaenda darasani. Hilo lilitosha. Niliporudi, Bwana Kilonzo alikuwa amezisoma, amewaita wote wawili, na Nafula alikuwa amepiga magoti kando ya kabati. Viganja vyake vilikuwa vimevimba hivi kwamba vidole havikukunjika. Kevo alisimama dirishani na mikono nyuma, akiangalia viatu vyake.

"Huyu ndiye mwizi wako, dada," Bwana Kilonzo aliniambia.

"Umejuaje, Bwana Naibu?"

"Tazama alama za msichana. Halafu tazama za Kevin. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu."

Mwalimu Wekesa aliingia wakati huo na chaki bado mkononi. Aliona viganja vya Nafula, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso wake umebadilika. "Weka mpira chini, Kilonzo," alisema. "Weka chini tuzungumze kama walimu." Bwana Kilonzo akauweka kwenye meza, ila hakuuachilia. Ndipo niliposema kwamba ipo njia ya kujua. Tuwaulize, mmoja mmoja, kitu ambacho insha haikukitaja. Aliyeiona siku ile atajibu anachokumbuka, na aliyenakili atabuni. Mwalimu Wekesa aliniangalia, akatikisa kichwa kukubali, akamwinua Nafula kwa kumshika kiwiko, akamtoa nje ya mlango.

Nikamgeukia Kevo. "Yule mama aliyepiga ukelele pale kwenye ngazi. Alikuwa amevaa nini?"

Hakusita. "Leso, Mwalimu. Leso nyekundu. Na kitambaa kichwani."

"Unaona?" alisema Bwana Kilonzo.

Nafula akaletwa ndani. Niliuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale. Tuliwasikia wanafunzi wakipita kwenye varanda kwenda mapumzikoni, na mmoja akapiga mbinja.

"Nafula," nikasema, "yule mama alivaa nini?"

"Sare."

"Sare ya kazi?"

"Ya shule, Mwalimu. Hii." Akagusa ukosi wa sweta yake kwa vile vidole vilivyovimba.

Nilidhani sikumwelewa. Naamini sote tulitaka kutomwelewa. Lakini akishaanza hakuweza kukoma. Alisema kwa kasi, akiangalia ramani ile yenye Sahara iliyochanika. "Hakukuwa na mama. Ni mimi. Nilikuwa natoka shule, nimepanda ngazi za kwetu. Watu walikuwa wanakimbia, nikaona mgongo tu wa mtu. Wengine wakasema mwizi, na mimi nikasema. Nilisema kwa nguvu kuwashinda kwa sababu nilikuwa juu, ndio wakamwona kona alikoingia. Walipomwangusha akageuka uso. Ni Simiyu."

"Simiyu ni nani?" Bwana Kilonzo aliuliza.

"Braza yangu."

Kevo ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa ameanza kulia bila kujificha, kamasi zikishuka. "Mwalimu, mi sikujua ni ukweli. Alinipatia daftari nimsaidie na tahajia. Nilidhani ni stori tu." Na pengine alisema kweli. Bwana Kilonzo alitazama viganja vya Nafula, akatazama insha, na uso wake ukajaa damu. Alikuwa amempiga mtoto huyo kwa wizi wa kifo cha ndugu yake mwenyewe. Mtu mwingine angeketi chini. Yeye aliukamata mpira akamrukia Kevo.

Hakulenga. Alipiga kichwa, mabega, shingo, mgongo, akipiga kelele, "Umenifanya nini! Umenifanya nini!" Kevo alianguka kati ya viti, shati likapasuka na ngozi ikapasuka chini yake. Mimi nilimshika Bwana Kilonzo kiunoni akanitupa juu ya meza, insha zikamwagika sakafuni. Mwalimu Wekesa akaingia katikati yao na mikono miwili imeinuliwa, viganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari. Mpira ulikuwa umeshageuzwa mkononi na ile pete ya shaba ilikuwa mbele. Nilisikia ikitua. Mwalimu Wekesa hakupiga kelele. Aliketi tu sakafuni, polepole, akaweka mkono usoni, na damu ikatoka katikati ya vidole kwa wingi ambao sikujua uso unaweza kuutoa.

Wanafunzi walikuwa wamejaa dirishani. Mtu akapaza sauti, "Transfoma ameua odijo!" Odijo ndilo neno lao la mwalimu, na ndiyo sentensi ya mwisho niliyoisikia vizuri. Jiwe la kwanza lilivunja kioo juu ya kichwa changu. Nilimvuta Mwalimu Wekesa chini ya meza, Nafula akaja akaketi nyuma yake ili amshikilie mgongo, na mimi nikabana sketi yangu kwenye jicho lake. Kutoka pale chini niliona viatu vya shule vikiingia mlangoni, vyeusi, vingi, vingine vimetoboka. Walimtoa Bwana Kilonzo kwa tai yake. Walimburura hadi kwenye mfereji wa uwanjani, na huko walimpiga kwa miguu ya viti, kwa mawe, kwa mpira wake mwenyewe, watoto aliowafundisha kukokotoa eneo la duara. Yeye alikuwa akiwaita kwa majina. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo, kwamba aliwajua wote, na aliwaita mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alizidi kupiga.

Kevo ndiye aliyetusaidia kumtoa Mwalimu Wekesa. Shati likiwa limegandamana na mgongo wake, alimbeba upande mmoja na mimi upande mwingine, tukapita nyuma ya maabara hadi kwenye pikapu ya muuza mikate. Njiani alisema mara moja tu, "Pole, Mwalimu," na Wekesa akamjibu, "Angalia ngazi, kijana, usianguke." Polisi walifika na moshi wa kutoa machozi, shule ikafungwa. Bwana Kilonzo alipona kiasi, akahamishwa, na nimesikia kwamba hakusimama tena vizuri kwa mguu wa kulia. Kevo hakurudi, na sikumwona tena. Madaktari walifanya walichoweza. Kwa miaka yote iliyofuata Mwalimu Wekesa alisahihisha insha akiwa amegeuza kichwa upande, kama ndege anayesikiliza, na akiulizwa habari za jicho alisema ni ugonjwa. Alisema hivyo kwa wageni na kwa jamaa zake. Nafikiri alikuwa akimlinda Nafula, kwa sababu mtu asingeweza kusimulia kisa cha jicho bila kusimulia kisa cha sare.

Jioni hiyo hiyo, Mwalimu Wekesa akiwa bado hospitalini na mkewe, nilimpeleka Nafula kwao. Tulitembea kwa miguu kupitia Juja Road, koo zikiwasha kwa ule moshi, yeye ameinua viganja mbele yake kama anayebeba kitu. Kwao ni hatua chache kutoka kwangu, na sikuwa nimejua. Tulipofika kwenye ngazi alisimama. Nikaelewa ni ngazi zipi.

"Mwalimu, usiniache mlangoni."

"Sikuachi."

"Nataka kumwambia leo. Nikilala sitaweza."

Mama Simiyu, kwani bado waliendelea kumwita kwa jina la mwanawe, alikuwa ameinama juu ya stovu akikaanga omena. Alinikaribisha kabla hajaona sketi yangu. Alipoiona, akaona na mikono ya bintiye, akasimama wima. "Nani amefanya hivi?" Nikajibu kwamba ni mwalimu, na kwamba hatapiga mtu tena. Akanisogezea kiti, nikaketi. Nafula hakuketi. Alisema, "Mama, kuna kitu cha ile siku ya Simiyu," akakisema chote pale aliposimama, kwa maneno machache kuliko aliyotupa sisi, huku mama yake akigeuza omena kwa kijiko bila kuinua macho.

Alipomaliza, mama akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa hapa hapa. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti yako nitakosaje kuijua?"

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Mama Simiyu akaweka kijiko chini, akamkaribia, akampiga kofi moja zito la shavuni, hivi kwamba Nafula akayumba hadi ukutani. "Hilo ni la kuninyamazia," alisema. "La Simiyu silo langu kukupiga." Niliinuka nusu, nikaketi. Akavuta beseni la maji baridi kutoka chini ya kitanda, akamketisha bintiye kwenye kigoda, akapiga magoti mbele yake, akaitumbukiza ile mikono iliyovimba ndani ya maji na kuishikilia humo, akiipitishia vidole polepole kama anayeosha mtoto mchanga. Nafula aliinamisha kichwa mpaka kikagusa cha mama yake. Omena zilianza kuungua, nikanyanyuka mimi, nikazima stovu.